Usome kwa siri au umwambie bosi?

Jioni mjini Nakuru, ofisi zikifungwa, utawaona wafanyakazi kwenye Barabara ya Kenyatta wakikimbilia darasa la CPA, yaani masomo ya uhasibu, mkoba begani. Wengi wao, bosi hana habari. Je, wanafanya vyema kumficha?

Hofu yao ina msingi. Wako mabosi ambao wakisikia karani wa stoo anasomea uhasibu, humhesabu kama mtu aliyekwisha kuondoka. Majukumu mazuri hupewa mwingine, na kosa dogo husemwa limetokana na vitabu. Sheria ya Ajira ya 2007 hudai sababu ya haki kabla mtu hajafutwa, lakini haimlazimishi bosi kumpa yeyote kazi ya kumkuza.

Hata hivyo siri ina gharama. Mitihani ya KASNEB, bodi inayotahini CPA, hufanywa siku za kazi, na sheria inakuhakikishia likizo ya siku 21 tu kwa mwaka. Zikiisha, mtu huanza kusingizia ugonjwa au matanga, na hapo ndipo anapoharibu jina lake mwenyewe.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye uzoefu. Kwenye usaili utaulizwa umewahi kufanya nini: kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa ya benki, kuandaa mishahara, kuwasilisha ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Hayo yote yanafanyika meza ya pili kutoka kwako kila mwisho wa mwezi. Lakini utaombaje kuketi na mhasibu ikiwa hakuna anayejua unasoma? Unalipia darasa la jioni huku darasa la bure likikupita mchana kutwa.

Kisha kuna jambo ambalo ofisi nyingi ndogo hazilijui. Kila mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kutoka mfukoni mwake, si kwenye mshahara wako. Akigharamia mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kudai arudishiwe fedha. Ukiingia kwake na habari hiyo, hujaenda kuomba msaada.

Kwa maoni yangu, nyamaza hadi upite ngazi ya kwanza, kisha nenda na matokeo mkononi. Akikubali kukulipia, makubaliano yaandikwe, pamoja na muda atakaotaka ubaki kazini baadaye. Usitie sahihi miaka usiyoweza kuitimiza. Akikataa, matokeo yako bado ni yako, na sasa unajua kwamba unasomea kuhama.