Nondo, mdimu na mgeni rasmi

Wa kwanza kuuliza alikuwa muuza genge: "Jirani, mgeni rasmi anafika lini?" Wa pili dereva wa bodaboda. Wa tatu mjumbe mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu aliyenyimwa taarifa. Hapa Kigamboni, kama kwingineko nchini, shina la mti likipakwa chokaa watu wanajua kuna mkubwa njiani. Shule zilitulea hivyo: mawe meupe, miti myeupe, wanafunzi juani. Mimi nilikuwa nimepaka mdimu mmoja tu, pale getini kwenye nyumba ya kupanga, kwa ushauri wa shemeji yangu aliyeko Phoenix, Arizona.

Shemeji anajua miti, sibishi. Phoenix ni jangwani. Mvua yao ya mwaka mzima ni kama milimita 180, wakati Dar tunavuka 1,000. Mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 na kupita kila siku. Mtu aliyevusha mchungwa ukiwa hai katika tanuri hilo ana haki ya kutuma sauti za dakika sita WhatsApp. Nami mdimu wangu ulikuwa taabani. Ni mwanzoni mwa Machi, kiangazi kimetukausha tangu Januari, majani yamejikunja na ncha zake zimeungua.

"Hizo ncha ni chumvi," akasema. "Unamwagia ndoo moja kila jioni. Maji yanaishia inchi nne, jua linayanywa, chumvi inabaki. Mwagilia mara chache, lakini maji yashuke, yaisukume chumvi chini ya mizizi."

Hapo alinipata. Maji ya kisima chetu, ukichemshia chai unakunywa supu.

Masharti yake niliyaandika kwenye daftari. Maji hayamwagwi shinani, yanamwagwa pale kivuli cha matawi kinapoishia na kuzidi kidogo, maana mizizi inayokunywa iko huko. Zungushia tuta la udongo la inchi nne, weka mpira, acha maji yachuruzike taratibu kwa saa kadhaa mpaka yafike futi tatu. Kisha usiguse tena hadi siku ya saba au ya kumi. Tandaza majani makavu inchi tatu, yasiguse shina, yakiligusa yanaliozesha. Na usikate matawi kwenye joto, kwa sababu majani ndiyo mwavuli wa ganda. Ganda lililozoea kivuli likipigwa na jua ghafla linababuka, linapasuka, wadudu wanahamia. Kwa usalama zaidi shina linapakwa rangi nyeupe ya maji, nusu rangi nusu maji. Ya mafuta hapana. Mimi nilikuwa na chokaa iliyobaki, nikaona chokaa nayo ni nyeupe.

"Anza upande wa kusini na magharibi," akasema. Nikaanza. Nimeshamaliza ndipo nikakumbuka kwamba yeye yuko kaskazini ya ikweta, jua lake la mchana hukaa upande wa kusini. Letu, mwanzoni mwa Machi, saa sita mchana liko utosini kabisa, na ikifika Juni linasogea kaskazini. Mdimu wangu ulikuwa umefunikwa mgongo huku kifua kiko wazi. Nikapaka pande zote. Ndipo muuza genge alipouona.

Sasa nondo. Shemeji alisema kujua maji yamefika wapi ni rahisi: choma nondo ardhini. Penye unyevu inateleza, ikikuta pakavu inagoma, unapima ilipogomea. Ikigomea juu, ongeza maji, usiongeze nguvu. (Hiyo sentensi ya mwisho niliisikiliza mara ya pili baada ya tukio.) Nikachukua nondo ya milimita 10, nikaiwekea alama kila futi kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Usiku ule maji ya bomba yalikuwa yanatoka, nikafungua mpira, nikalala.

Alfajiri nikachoma. Mchanga wa Kigamboni ni laini, nondo ikaingia kama kijiko kwenye uji. Ilipofika futi moja na nusu ikagoma. Usiku kucha maji, halafu futi moja na nusu? Haiwezekani, hili ni jiwe. Nikaleta nyundo. Pigo la kwanza, kimya. La pili, ikazama yenyewe mpaka alama ya tatu. Nikapiga picha, nikamtumia shemeji: "Futi tatu!" Akarudisha dole gumba.

Nikaichomoa nondo. Maji yakaifuata, yakapita kichwa changu, yakaenda kuosha geti.

Mama mwenye nyumba akatoka bafuni na kanga kifuani, povu kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Nasra, maji yamekatika!"

"Hayajakatika mama, yako huku."

Nikafunga koki ya kwenye mita. Fundi bomba alipofika alinichimbisha karibu mita moja kila upande, kwa sababu bomba la plastiki lililofukiwa halikunjiki. Bila kulipa nafasi ya kuinuka huwezi kuliingiza kwenye soketi. Akakata kipande chenye tundu kwa msumeno wa chuma, akaweka kipande kipya na soketi mbili, moja kila mwisho. Kabla ya gundi alikausha ncha kwa kitambaa. Bomba likiwa limelowa gundi haishiki, na bomba langu lilikuwa kwenye dimbwi nililolitengeneza mwenyewe usiku kucha, hivyo kwanza nilichota maji kwa kopo nusu saa nzima, mama mwenye nyumba akinisimamia na povu lake.

Mjumbe akapita. Akautazama mti mweupe, mtaro, fundi, bomba jipya. Uso ukamng'aa.

"Kumbe ni mradi wa maji!"

Wiki hiyo hiyo masika yakaanza. Ndimu zilizokuwa zimekazana na ukame zikanywa kwa pupa, ganda likashindwa kutanuka kwa kasi ya nyama ya ndani, karibu nusu yake zikapasuka mtini. Urea niliyoinunua nikaacha kuiweka, kwenye mchanga huu mvua ingeishusha yote kabla mizizi haijaionja. Chokaa nayo ikaanza kuchuruzika, shina likabaki na mistari kama pundamilia.

Jana mjumbe alinikuta getini na mwavuli wake.

"Vipi, mgeni rasmi ameahirisha kwa sababu ya mvua?"

Nikamwambia ndiyo.