Semina ya Usawa Kazini Ihamie Getini

Semina za usawa na ujumuishi kazini nilizohudhuria hapa Mtwara zinafanana: ukumbi wa hoteli, projekta, chai na sambusa, mwezeshaji kutoka Dar, na safu za maofisa wanaosubiri posho. Mada huwa nzuri. Jinsia, ulemavu, VVU. Ugomvi wangu ni na waliokalia viti. Anayeamua nani apate kazi leo na nani arudi nyumbani ni msimamizi anayesimama getini alfajiri kuchagua vibarua, iwe bandarini, kiwandani au kwenye maghala ya korosho. Huyo haalikwi.

Halafu kuna jambo halitajwi hata huko ukumbini: mtu ametoka wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila au mahali alikotoka, sawa na inavyokataza kwa dini, jinsia au ujauzito. Watu wa Mtwara walipoingia barabarani mwaka 2013 kupinga bomba la gesi kwenda Dar, ndani ya kilio kile lilikuwamo swali la ajira: vijana wa hapa watapata nini? Swali hilo lipo mpaka leo. Kijana wa Newala akiomba kazi ya ofisini anaambiwa watu wa kusini hamjasoma. Fundi aliyetoka Mwanza naye anaitwa wa kuja, hata pa kuazima spana hapati. Ukiwauliza wanaosema hayo, wote watakwambia ni utani tu.

Utani tunaujua. Mtani anakuja msibani kwako anafanya vituko mpaka unaudhika, lakini zamu yako nawe ipo, na ukimlipizia hakuna wa kukunyima riziki. Sasa kibarua anayeambiwa na msimamizi wake "nyie Wamakonde vichwa vigumu" atajibu nini, na kesho anataka kuchaguliwa tena? Atacheka. Kisha ofisini wataandika kwamba hapa hakuna malalamiko. Kifungu hichohicho cha 7 kinahesabu unyanyasaji kwa misingi hiyo kuwa ni ubaguzi.

Kwa watu wenye ulemavu, semina si ya lazima sana, tuhesabu tu. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Mwenye wafanyakazi 100 atuoneshe watatu wake.

Na wanawake wanaobangua korosho? Sheria inampa mama anayenyonyesha nafasi ya kumnyonyesha mtoto saa za kazi, isizidi saa mbili kwa siku. Lakini anayelipwa kwa kilo, kila akiinuka kwenda kwa mtoto kilo zinapungua. Haki hiyo anailipia mwenyewe. Sijasikia mwezeshaji akiligusa hilo (pengine hajawahi kuingia kwenye kiwanda cha korosho).

Mimi ningeichukua nusu saa ya mwanzo wa zamu, palepale getini, msimamizi akiwepo. Vibarua waambiwe nani wa kumpelekea malalamiko asiyekuwa bosi wao wa zamu. Waambiwe pia kuhusu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na kwamba malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi yana siku 60 za kufikishwa huko. Projekta haihitajiki. Posho wapewe vibarua, maana nusu saa hiyo nayo ni ya kazi.