Tusiisingizie diski ya nje

Muulize fundi wa kompyuta hapa Kampala kama gemu linachezeka kutoka diski ya nje, atakujibu bila kuinua kichwa: ya nje ni ya picha za harusi, gemu weka ndani. Ana hoja, ila nadhani anaihukumu nje kwa kosa la mwingine.

Mkosaji ni diski ya kuzunguka, ikae ndani au nje. Ile ya laptopu, ya mizunguko 5,400 kwa dakika, husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, na hushuka sana faili zikiwa zimetawanyika, maana kichwa chake lazima kihangaike huku na huko kuzitafuta. Sasa chukua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya kawaida iitwayo SATA. Ndani ya laptopu husoma karibu megabaiti 550. Itie kwenye kava la USB 3.0, utapata 400 na ushee. Tofauti ni sekunde chache za kusubiri ramani ifunguke. Ukishaanza kucheza, wingi wa fremu, yaani picha kwa sekunde, ni kazi ya kadi ya picha na prosesa.

Watetezi wa diski ya ndani nao wana hoja zao. NVMe ya kawaida, SSD ya ndani yenye kasi kuliko ya SATA, hufika megabaiti 3,500. Magemu ya PS5 hayachezeki kabisa kutoka diski ya USB. Utayahifadhi huko, na siku ya kucheza utayarudisha ndani. Halafu kuna kebo. Mimi mwenyewe nilishapoteza mechi dakika za mwisho kwa sababu mpwa wangu alipita akaisukuma kwa goti. Skrini ikaganda, mtoto akakimbilia kwa mama yake.

Lakini hesabu inayoninyima usingizi ni ya bando. Gemu la gigabaiti 100, kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, hushuka kwa saa 22 na zaidi. (Hilo "isiyokatika" nimeliandika kwa adabu tu.) Na tangu Julai 2021 kila bando tunalonunua lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake. Mwenye laptopu ya gigabaiti 256, Windows ikishachukua fungu lake, analifuta gemu hilo ili apate nafasi ya jingine, na mwezi ujao analinunulia bando upya. Saa 22 nyingine! Angelihamishia diski ya nje, hata hiyo ya kuzunguka ninayoisema vibaya, lingerudi ndani kwa dakika 17 hivi. Kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, hata kulirudisha si lazima: unaionyesha folda ilipo, inakagua, inashusha kilichopungua tu. Fundi anayesema "weka ndani" hajaulizwa nani atalipia bando.

Na wengi wanaolalamika wamechomeka pabaya. Tundu la USB 2.0 halivuki megabaiti 40 kwa sekunde, hata ulipe SSD ya bei gani. Rafiki yangu wa Ntinda alikuwa akiilaani yake mpya, kumbe ameichomeka kwenye tundu jeusi la zamani. Tukaihamishia la buluu la USB 3.0, upande wa pili. Ramani ile ile iliyokuwa ikimpa muda wa kushuka barabarani kununua rolex ya chapati na mayai ikafunguka kabla hajavaa ndala.