Baba Mkwe, Mbuzi na Hita Plagi

Mtu wa Dar ukimwambia Dodoma kuna baridi, anakucheka. Yeye anajua jua na vumbi, basi. Aje mwezi wa saba, alfajiri, upepo umeamka kabla ya watu, nyuzi 13 au 14, mji wenyewe uko mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Ataelewa kwa nini muuza uji anachota kwa mkono mmoja na kushika kitenge kwa mwingine. Akiwa na gari la dizeli la zamani ndiyo ataelewa vizuri kabisa.

Langu ni pikapu ya Land Cruiser ambayo umri wake tusiutaje, ina watoto wanaoiheshimu. Ilizaliwa na injini ya petroli iliyokuwa inakunywa hadi inatia aibu mbele ya watu. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nikaitoa, nikafungiwa 3B, dizeli ya lita 3.4 iliyotoka kwenye lori dogo la Toyota, Dyna. Wanaoijua 3B wanaijua: haina turbo, haina kompyuta, haina haraka.

Tatizo dogo lilikuwa umeme. Dyna ile ilikuwa ya volti 24, pikapu yangu ni ya 12. Fundi akaniambia nilale usingizi. Stata atabadilisha, alteneta atabadilisha, na hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha, ninunue mpya za volti 12, atazifunga mwenyewe kwa mikono yake. Nikanunua, nikamkabidhi na boksi lake. Kitufe cha hita akakiweka kwenye dashibodi: swichi ya kengele ya mlangoni, nyeupe, yenye kile kipicha cha kengele. Nyuma yake aliweka rilei, swichi ya kubeba umeme mkubwa, hapo nampa haki yake, maana hita za injini ile zinavuta umeme mwingi na swichi ya nyumbani peke yake ingeyeyuka siku hiyohiyo. Basi kila nikitaka kuwasha gari nilikuwa napiga hodi kwanza, nasubiri wenyewe wafungue.

Na walifungua. Desemba, Januari, mpaka Mei, gari linawaka bila maneno. Ilipoingia Juni likaanza kukohoa asubuhi. Kijiweni kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja: baridi hiyo, vumilia, kipupwe kikiisha litapona.

Kikiwa hakijaisha, baba mkwe akapiga simu.

Baba mkwe anakaa upande wa Veyula, mbele ya Msalato kidogo ukielekea Kondoa. Kabla ya kustaafu alikuwa dereva wa lori la Bedford, na anaamini kwamba udereva uliishia pale alipokabidhi funguo. Alikuwa na mbuzi wa kupeleka mnadani Msalato siku ya Jumamosi. "Njoo ulale huku Ijumaa," akasema, "ili tusichelewane." Mkwe akishasema hivyo hakuna sentensi ya Kiswahili inayoweza kuanza na "lakini".

Nilipofika jioni nilitaka kuegesha kwenye kimlima cha kuingilia, gari likiangalia chini. Kila mwenye gari la namna yangu analala na mteremko. Mzee akanitazama kutoka kwenye kigoda chake. "Lete uani hapa, penye tambarare. Gari la mwanamume halilazwi mlimani."

Saa kumi na moja alfajiri mbuzi walishapakiwa, wamefungwa kamba kwenye bodi, beberu mmoja mweusi mwenye ndevu za mzee wa baraza akiwa nyuma ya kibini. Nikaingia. Nikabonyeza kengele, nikahesabu taratibu, nikapiga stata. Ikanung'unika: nyeee, nyeee, nyeee. Nyuma ukatoka moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya dizeli mbichi. Ule siyo moshi wa moto. Ni mafuta yaliyoingia, yakakuta hakuna joto la kuyawasha, yakaondoka zake. Nikarudia. Ua wote ukawa ukungu.

"Nani anachoma takataka saa hizi?" mama mkwe akauliza kutoka jikoni.

Baba mkwe akatoka na koti refu la kaki, tochi mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Injini ya nani hii?"

"Ya Dyna, baba."

"Ndiyo maana inamlilia mwenyewe."

Akauliza oili. Nikamwambia namba 40. Akatikisa kichwa kwa huruma, siyo kwangu, kwa stata. Oili nzito kwenye baridi inaganda ganda, stata inazunguka kwa kujikokota, na dizeli haina cheche kama petroli: ina hewa tu, ambayo inabanwa karibu mara 20 hadi ipate moto wa kuchoma mafuta. Ikibanwa polepole, joto lote linaishia kwenye chuma baridi. Haya yote mzee aliyasema huku akielekea jikoni, na alipotoka alikuwa amebeba karai la mkaa unaowaka. Sufuria ya uji tuliisikia ikiwekwa chini kwa nguvu.

"Enzi za Bedford tulifanya hivi," akasema, akalisukuma karai chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.

Sasa, Bedford yake labda ilikuwa haivuji. Yangu ina sili ya nyuma iliyochoka. Tone la oili likadondoka kwenye kaa: tsss. Kimya. Tone jingine: tsss, na kamoshi ka bluu. Mimi na mzee tumechuchumaa, tunaangalia, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Tone la tatu halikusema tsss. Lilisema bufu, na ulimi wa moto ukalamba chini ya gari.

Beberu ndiye aliyeuona kwanza. Sijui kamba aliifanyaje. Ninachojua ni kwamba nilisikia kishindo juu, nikainua macho, nikamkuta amesimama juu ya paa la kibini, miguu minne pamoja, anatuhutubia. Mama mkwe akaja na ndoo. "Usimwage maji!" mzee akapiga kelele, "mchanga, mchanga!" Tukamwaga mchanga kwa viganja, kwa sahani, kwa kandambili, mpaka moto ukafa, na karai likawa kaburi. Mama mkwe akasimama juu ya kaburi lile. "Na uji wangu?" Hakuna aliyejibu. Beberu alijibu kidogo.

Lakini mzee alikuwa na haki. Oili ilipata joto. Nilipopiga stata safari hii, ilizunguka kwa kasi, kwa furaha, mpaka pikapu yote ikatingishika. Haikuwaka. Moshi mweupe ukaongezeka tu, basi.

Baba mkwe akaweka mkono kiunoni. "Mafuta yanafika. Stata inazunguka. Joto ndilo halipo. Hebu bonyeza hicho kikengele chako." Nikabonyeza. Rilei ikalia tak. Mzee akasogeza sikio kwenye boneti. "Inaitika vizuri. Nashangaa kwa nini ndani hawatoki."

Ikabidi kusukuma. Walikuwepo vijana wanatoka swala ya alfajiri na wengine wawili wa bodaboda, wakaja bila kuitwa. Beberu akateremshwa kwa mabishano, akarudishwa bodi. Nikafungua mlango nikae kwenye usukani.

"Shuka," mzee akasema. "Nyinyi mnaachia klachi kwa woga."

Nikashuka. Kusukuma pikapu yenye mbuzi kuna nafasi moja mbaya, katikati nyuma, na mkwe mwenyewe ndiye anayeachiwa. Uso wangu ulikuwa usawa wa mikia. Gololi zile zao zilikuwa zinanidondokea shingoni, za moto, ndicho kitu pekee chenye joto nilichokigusa asubuhi ile. Tukatoka uani, tukakishika kile kimlima nilichokatazwa kuegesha, gari likaanza kukimbia lenyewe. Mzee akasubiri. Akasubiri tena, mpaka nikadhani amelala. Halafu akaachia klachi, gia namba tatu, bila hata kustuka. Injini ikashika, gari likapasua moshi mweupe, kisha mweusi, na sisi tukabaki ndani ya wingu tukishangilia tusichokiona.

Wingu lilipoondoka, gari halikuwepo.

Taa za nyuma zilikuwa zimeshafika lami, zinakata kona ya kwenda Msalato. Simu yangu imo ndani. Pochi imo ndani. Viatu vimo ndani. Mimi nina kaptura, fulana yenye gololi na kandambili moja, ya pili ilikuwa imebaki kwenye kaburi la mkaa.

"Usimsubiri," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Huyo gari likishawaka hasimami mpaka ashushe mzigo."

Mmoja wa vijana wa bodaboda alinikopesha safari, baada ya kunitazama miguuni. Nilipofika mnadani jua lilikuwa limetoka, moshi wa nyama choma umetanda, na katikati ya vumbi na ng'ombe nikasikia 3B yangu inanguruma. Mzee hakuizima. Mbuzi walishauzwa wote, hadi mhutubi. Yeye alikuwa ameegemea fenda anaota joto la injini, mkononi ana mbavu, ananionyesha kwa mfupa mahali pa kukaa.

"Ikisimama haili sana," akasema. Akaiacha ingurume hadi jua likawa kali, ndipo akavuta waya wa kuzimia na kuazima spana kwa mwenye Fuso. Akafungua hita plagi moja, akaifuta kwenye koti, akavaa miwani.

"Soma hapa."

"Ishirini na nne, baba."

"Betri yako?"

"Kumi na mbili."

Hakusema kitu. Akaishikiza mwili wa plagi kwenye hasi ya betri, kichwa chake akakipa waya kutoka chanya. Plagi ya zamani ya aina ile ikipata umeme wake, ncha inakuwa nyekundu kabla hujafika ishirini kwa kuhesabu. Tukahesabu. Tukafika hamsini. Kisha mzee akanyoosha vidole viwili, akaishika ile ncha, akaendelea kuishika, na akawa ananiangalia mimi. Volti zikiwa nusu, joto linakuwa robo. Kumbe miezi yote ile aliyekuwa ananiwashia gari ni jua la Dodoma.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi, na mzee akasisitiza kuja. Tulimkuta na mteja mwingine, mwenye Dyna, analalamika, ana mfuko wa nailoni. Akaumwaga juu ya benchi: hita plagi nne, ncha zimeungua, nyingine imevimba hadi imepasuka. Anasema alifungiwa mpya mwaka jana mwezi wa kumi na moja, na tangu baridi ianze anasukumwa kila asubuhi. Baba mkwe akavaa miwani, akaokota moja, akanipa nisome. Kumi na mbili.

Fundi akafuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja. Maboksi mawili, siku moja, benchi hilihili. "Sasa wazee wangu," akasema, "hapa hakuna aliyedhulumiwa. Kila mtu alipata plagi mpya. Mimi nitawafungia sawasawa, na ufundi nawapunguzia: mtalipa nusu."

"Nusu ya ngapi?" baba mkwe akauliza. "Ya kumi na mbili, au ya ishirini na nne?"