Mgeni Aende Mwenyewe Kuchukua TIN

Waajiri wengi hapa Mtwara wakimpata mtaalamu kutoka nje, nguvu zao zote huishia kwenye kibali cha kazi. Kikishatoka, wanaona shughuli imekwisha, na TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, anaachiwa kijana wa ofisini au mtu wa kati "aimalizie". Naupinga utaratibu huo kabisa. TIN ni namba ya tarakimu tisa ambayo mtu hupewa mara moja maishani, na kosa linaloingia siku ya usajili linamfuata kwenye mshahara, benki na pensheni. Mgeni aende mwenyewe, pasipoti mkononi, kabla mshahara wa kwanza haujalipwa.

Mtiririko wenyewe haurukwi. Mwajiri ndiye anayeomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, na maombi sasa hufanywa kwenye mtandao. Humo huambatanishwa mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo baadaye. Msiuandike kwa mistari miwili ya kuziba pengo. Kibali hicho kikipatikana ndipo Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwajiriwa huwa daraja B. TIN inafuata, kisha usajili wa NSSF, mfuko wa pensheni. Aliyeingia kwa viza ya biashara ya siku 90 asiwekwe kwenye orodha ya mishahara kwa matumaini kwamba karatasi zitamfuata.

Kwenye dirisha la TRA, Mamlaka ya Mapato inayotoa TIN, iwe Mtwara au Lindi, mgeni apeleke pasipoti halisi na nakala yake, vibali vyote viwili, mkataba au barua ya mwajiri, na anwani ya mahali anapolala. Picha na alama za vidole huchukuliwa pale pale, na ndiyo sababu hakuna mtu wa kumwakilisha kikamilifu. Huduma hii hailipiwi. Kishoka anayedai "pesa ya TIN" anauza kitu cha bure. Kuhusu anwani, andikeni kata na mtaa wa huku, Shangani au Ligula, wala si ofisi ya kampuni iliyoko Dar es Salaam. Mkiandika ya Dar, faili linaweza kuangukia mkoa wa kodi wa huko, na kila marekebisho yatawatoa Mtwara.

Kinachoharibu zaidi ni majina. Sisi tumezoea jina la mtu, la baba, la babu. Mhindi anaweza kuwa na pasipoti ambayo sehemu ya jina la ukoo iko tupu. Mchina hutaja jina la ukoo kwanza. Mtu wa Msumbiji anaweza kuwa na majina manne au matano, na la ukoo, linaloandikwa Apelido, mara nyingi ndilo la mwisho anapojitaja. Karani akimuuliza kwa mdomo, anaandika anavyosikia. Kumbe jibu lipo kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, chini kabisa, kwenye ile mistari miwili ya herufi na alama za <. Baada ya herufi tatu za nchi linaanza jina la ukoo, halafu alama mbili <<, kisha majina mengine. Alama za Kireno zinazowekwa juu au chini ya herufi hazimo humo: Conceição husomeka CONCEICAO. Mpangilio huo huo uandikwe kwenye mkataba, kibali, TIN, NSSF na akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Benki ikiona jina la mkataba limepinduka kwenye TIN, inaweza kuzuia akaunti, na mtu akakaa mwezi mzima bila mshahara ilhali hana kosa.

Jingine la kuangalia kabla hujaondoka dirishani ni aina ya TIN. Mwajiriwa anahitaji isiyo ya biashara. Akisajiliwa kama mfanyabiashara, mfumo utamsubiri alete makadirio na ritani (taarifa za mapato na kodi) za biashara isiyokuwepo, na faini zitajijenga kimyakimya hadi siku atakapohitaji huduma nyingine. Cheti kisomwe pale pale.

Sasa niseme la kwetu la kusini. Ndugu zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, wanaongea Kimakonde na Kimakua kama sisi, wanavuka Kilambo au Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na wengine wana shangazi na wajomba huku. Wapo wanaoshauriwa waombe barua ya serikali ya mtaa, wachukue namba ya raia ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, maadamu "hakuna atakayejua". Ushauri huo unamwangamiza mtu. Huko ni kutoa taarifa za uongo kuhusu uraia, na vidole vyake vimeshahifadhiwa. NIDA ina kitambulisho cha mgeni mkaazi, tofauti na cha raia, na hicho ndicho haki yake akishapata ukaazi. Halafu Msumbiji iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo asihesabiwe kama Mkenya au Mganda. Kuvuka mpaka bila viza hakumpi mtu ruhusa ya kuajiriwa.

Wahasibu nao wana lao. Kibali cha ukaazi hakimfanyi mtu kuwa mkaazi wa kodi, yaani anayekatwa kodi kwa viwango vya wakaazi. Kipimo kikubwa ni siku 183 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Mgeni aliyefika mara ya kwanza mwezi Oktoba hawezi kuzifikisha mwaka huo, hivyo hukatwa kodi ya asilimia 15 moja kwa moja. Kwa kipato cha kodi cha shilingi 3,000,000 kwa mwezi, hiyo ni 450,000. Kwa viwango vya mkaazi ni 728,000. Tofauti ni kubwa mno kukisiwa, na kodi ya kila mwezi inatakiwa iwe imefika ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10.

Na kabla ya yote hayo, muulizeni mgeni kama aliwahi kufanya kazi Tanzania. Aliyekuwa Songo Songo miaka ya nyuma, akaondoka, akarudi na pasipoti mpya, bado TIN yake ni ile ile. Kinachotakiwa ni kuhuisha taarifa zake. Kama tayari amepewa ya pili, aende TRA na vyeti vyote viwili aombe moja ifungwe, na mwajiri asubiri jibu kwa maandishi kabla ya kuingiza namba yoyote kwenye mishahara.