Presha ya Jiko na Kanzu ya Mshenga

Jiko la mtumba la dada lilikuja na kontena kutoka Uingereza, na mgongoni lilikuwa na kibati kilichokwanguliwa na kila aliyelibeba. Kilichosomeka vizuri ni namba 11. Vilivyofuata ni vijiherufi vilivyofutika nusu. Fundi alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya kibati, akatoa hukumu: "Pauni kumi na moja. Ndogo hiyo, hata baiskeli haiendi."

Ieleweke kwamba fundi wetu asili yake ni upepo wa matairi. Mambo ya gesi aliyaanza majuzi tu, watu wa Shangani walipoanza kuchoka na mkaa. (Gesi ya Mnazi Bay tunayo hapa hapa Mtwara, inatupita ndani ya bomba kwenda Dar es Salaam, sisi tunanunua ya mtungi.) Mtu anayejaza tairi la gari 30 kutwa nzima, ukimtajia 11 anakuonea huruma.

Babu, mwalimu mstaafu wa fizikia, alikuwa barazani anamenya ming'oko. Akauliza kwa ile sauti ya darasani:

"Kumi na moja ya nini?"

"Ya presha, Mwalimu."

"Presha si kipimo, kijana. Kaa chini."

Akaja na lenzi yake, akainama mpaka pua ikagusa bati. Inchi 11 za maji. Waingereza wa zamani, akaeleza, presha ndogo ndogo walizipima kwa kuangalia zinayasukuma maji juu kiasi gani ndani ya mrija. Inchi 11 ni sentimita 28, yaani milibari 27 na ushee. Regulator, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, ya kawaida ya nyumbani inatoa kama milibari 30, basi ikanunuliwe hiyo. Lakini pauni moja tu kwa inchi ya mraba inapandisha maji inchi 27.7.

"Kwa hiyo pauni zako kumi na moja zinayapeleka maji mita saba na robo tatu. Dari ya nyumba hii iko wapi?"

Fundi aliitazama dari. Hakushawishika.

Shangazi akadakia kutoka uani: "Mimi hospitali wamenipima 120, wakasema nzuri. Jiko lina 11 tu, mbona mnalifanyia kikao?" Babu akamwambia yake ni milimita za zebaki, na zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha: presha ya shangazi inalishinda jiko karibu mara sita. Shangazi aliondoka na habari hiyo kama mtu aliyekabidhiwa cheti.

Yote haya yalikuwa yakiendelea jikoni, huku sebuleni wamekaa washenga kutoka Lindi walioleta posa ya dada, na keki yao ingali unga. Baba alishachungulia akatuonyesha kidole. Sisi kimya, Babu hapana. Babu hajawahi kumaliza ubishi bila jaribio.

Akaagiza ule mpira mwangavu wa mwashi jirani, wa kupimia leveli. Tukaukunja umbo la U, tukaufunga kwenye ubao, tukatia maji nusu. Maji matupu hayaonekani vizuri, kwa hiyo yakakolezwa kwa juisi ya choya iliyoandaliwa kwa wageni. Ncha moja ikaenda kwenye mtungi, nyingine ikabaki wazi. Ya wazi nikapewa mimi niishike, maana vijana wa nyumba ndiyo kazi yetu.

Fundi alikuwa amefunga regulator ya wakaanga chipsi, ile ya kukazwa kwa mkono, na geji yake ya matairi pembeni. Mshale ulitulia juu ya 11 barabara. Akafungua koki.

Choya haikupanda. Iliondoka. Ilipita juu ya bega langu, ikavuka mlango wa sebule, ikamkuta mshenga mkuu katikati ya maneno "tumeona ua bustanini kwenu".

Nyuma ya choya ikafuata gesi. Fundi alifunga haraka, lakini harufu ilishatapakaa. Babu akapaza sauti: "Msiguse swichi! Fungueni milango! Gesi hii ni nzito, inalala sakafuni!" Washenga wakatoka peku, ndala wakaziacha. Mama na shangazi wakainama na kanga, wakaanza kuifagia hewa kuelekea nje. Majirani kuona kanga zinapepea mlangoni na wageni wamesimama uani, wakajua posa imekubaliwa. Vigelegele vikaanzia nyumba ya pili, vikazunguka mtaa mzima. Baba alifungua mdomo akanushe, akaufunga.

"Mwalimu," fundi akasema, "lakini geji ilikuwa sahihi." Na kweli ilikuwa sahihi.

Hewa ilipokwisha kuwa safi ikafungwa regulator ya nyumbani. Safari hii maji yalipanda kwa adabu, upande mmoja ukauzidi mwenzake sentimita 30 na kidogo. Fundi akaichomeka geji yake pale: presha haikufika hata nusu pauni, mshale haukutikisika. Akaigonga. "Mbona humu hamna kitu?" Dada akawasha kiberiti, moto ukashika buluu.

Sebuleni mazungumzo ya mahari yaliendelea, mshenga akiwa na ramani nyekundu kifuani. Alidai kanzu moja ipunguzwe kwenye mahari. Baba akauliza namba, akaambiwa 58, akaandika bila kubisha. Keki ilitoka imeiva mpaka katikati. Mshenga alikula vipande vitatu, akaisifu sana, akajipangusa mdomo, kisha akauliza ile kanzu imeandikwa mstari wa ngapi.