Gitaa la zamani lichukue, amplifaya ya valvu ifikirie mara mbili

Mpiga gitaa wa Mbeya aliyejikusanyia laki kadhaa ana njia mbili. Anunue gitaa jipya la Kichina, au atafute la miaka ya 1960 lenye jina ambalo wenzake wa kwaya hawajalisikia: Teisco au Guyatone ya Japani, Eko ya Italia, Framus ya Ujerumani. Wapenzi wa vya kale huongeza kwamba gitaa hilo halikamiliki bila amplifaya ya valvu, yaani kikuza sauti cha zamani kinachotumia taa za kioo badala ya transista. Hapo ndipo ninapoachana nao. Vitu hivi viwili vipimwe kila kimoja kivyake.

Teisco zilionekana vyombo vya kujifunzia tu, na mwaka 1967 kampuni ikachukuliwa na Kawai. Hata hivyo Hound Dog Taylor, mpiga blues wa Chicago, alijijengea jina kwa magitaa ya bei chee ya Kijapani ya aina hiyo. Pikapu za magitaa hayo, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, hutoa sauti kali na ya wazi, na solo la dansi, lenye noti nyingi zinazofukuzana, huhitaji hasa sauti ya namna hiyo ili lisimezwe na rithim na besi. Gitaa kama hilo likiharibika, mara nyingi ni waya uliong'oka au volyumu inayokwaruza, kazi ambayo fundi redio yeyote wa Mwanjelwa anaiweza kwa risasi ya kulehemu na pasi yake.

Ubaya upo. Mbao za gitaa hutanuka na kusinyaa baridi ya Juni ikipisha mvua za Novemba, na shingo ya zamani huenda imeshapinda. Kabla ya kulipa, gusa uzi juu ya freti ya 12 (kijichuma cha 12 cha shingoni) bila kuubonyeza na uupige, kisha ubonyeze palepale na uupige tena. Sauti zisipolingana, na daraja linaloshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa halisogezeki, mrudishie mwenyewe.

Amplifaya ni habari nyingine. Ni kweli, valvu zikisukumwa huilainisha sauti kwa namna ambayo vifaa vingi vya bei nafuu haviifikii, na valvu kama ECC83 na EL84 bado zinatengenezwa. Lakini ndani yake mara nyingi mna volti zaidi ya 300, na kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kushika chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Ya Kijapani ilitengenezwa kwa volti 100, ya Marekani 120. Umeme wetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, umeiunguza. Nyingi zina waya wa nyuzi mbili bila ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), hivyo hitilafu ikitokea, mpigaji anayeimba huku ameshika nyuzi za gitaa anaweza kupigwa shoti mdomo ukigusa maiki.

Wakusanyaji husema kila kipande kibaki kilivyotoka kiwandani, la sivyo thamani inashuka. Thamani hushuka kweli, lakini kwa chombo kitakachotumika kanisani au ukumbini hoja hiyo siikubali hata kidogo. Mwenye amplifaya ya valvu atafute fundi anayezijua volti hizo, abadilishe kapasita na aweke waya wenye ethi. Vilivyotolewa avitie kwenye bahasha, amkabidhi atakayeinunua baadaye.